Tare yenye sikubadilisha

Kavira, mutoto wangu, mama yangu,

Mambo ya kuchemsha mayi mbele ya kunywa, ya kutolala na dirisha wazi juu ya baridi ya Butembo, ya kuchunga simu mu njia, mama yako alishakuambia yote. Yenye atasahau atakupigia simu akuambie mbele hata gari yenu ifike Maboya, mu njia ya Butembo. Mimi sitarudilia ile. Mimi niko na neno moja tu, na nilipaswa kukuambia tangu ulikuwa troisième secondaire.

Niko naandika hapa ku dépôt ya kakao, ku meza ya kando ya balance, ile mizani yetu. Nilifunga mulango. Nyumbani singeweza, juu uko unapita na nguo zako ukiimba, na nikikuangalia usoni nitaacha tena, sawa vile niliachaka mara mingi. Ku karatasi hauniangalie. Basi nisikilize mpaka mwisho, hata ukikasirika mu katikati.

Nianze na ile unajua. Unakumbuka mwaka patron, mwenye dépôt, alituletea ordinateur, ile kompyuta? Ilitoka Butembo ku kamiyo, mu carton ya sabuni, imefungwa na kitenge ya zamani. Patron akaiweka hapa juu ya meza, akaniuliza mbele ya babebaji bote: "Papa Kavira, unajua kutumika na hii kitu?" Nikajibu: "Bien sûr, patron. Bila shaka."

Ile ilikuwa bongo, uongo mutupu. Hata fasi ya kuiwasha sikuijua.

Wewe unajua mimi nilifika paka deuxième secondaire tu. Yenye haujue ni hii: mwalimu wetu wa hesabu alikuwaka ananisimamisha ku tableau, ananipatia chaki, na darasa yote inangoja icheke. Mule njo nilijifunza ufundi yangu, kutikisa kichwa sawa mutu mwenye anaelewa. Mwalimu anasema, mimi natikisa kichwa. Ufundi ile ilinifikisha mbali, usiizarau. Ilinipatia kazi ya kupima. Ilinipatia hata mama yako, juu baba yake aliwaza mimi ni musomi. Na ile siku ilinipatia ordinateur.

Ulinikuta mangaribi nimekaa mbele ya écran, ile kioo ya machine, sawa mutu anangoja misa ianze. Haukucheka. Ulivuta kiti. Ku masomo yenu mwalimu wa informatique, ule wa mambo ya ordinateur, alikuwa na club nyuma ya masomo, na we ulikuwa hauikosi. Ukasema:

"Papa, tufanye programme ndogo ya kupima kakao."

"Programme ni nini?"

"Ni maagizo. Machine inafanya paka yenye umeiambia tu, na vile umeiambia, moja nyuma ya ingine. Ukiiambia mubaya, inafanya mubaya, na haioni haya."

Ile ordinateur tuliipeleka nyumbani, tukaiweka mu jiko juu mule njo mulikuwa taa. Mama yako alikuwa anapika. Ukaniuliza:

"Mama anaiitaka ile sufuria jina gani?"

"Sufuria ya sombe."

"Na leo ndani muko nini?"

Nikafunua. Hakukuwa jani ya muhogo hata moja. "Maharagi."

"Jina ilibadilika?"

"Hapana."

"Basi ile njo variable, papa. Jina inabaki, kitu ya ndani inabadilika. Ukitaka kujua leo muko nini, unafungua."

Mama yako akageuka na mwiko mu mukono: "Ninyi bawili muache sufuria yangu! Variable yenu mukaitafute ku dépôt. Hapa muko chakula ya batu."

Tulicheka sana. Nasema kweli, ile njo siku ya kwanza tangu ule tableau nilielewa kitu ya hesabu na sikutikisa kichwa bure.

Ukaanza kuandika. Brut, ile ni kakao pamoja na mufuko yake juu ya balance. Tare, ile ni mufuko peke yake, mutupu. Net, ile ni kakao yenyewe, ile tunamulipa mwenye kuileta. Hesabu ilikuwa fupi, hata mimi ningeifanya ku kiganja:

net = brut - tare

Kisha ukaandika ingine, na hapo nikakataa:

total = total + net

"Hii haiwezekani," nikasema. "Total ni sawa na total na kitu juu yake? Mwalimu wangu angekupiga."

"Papa, hapa hii alama haiseme 'ni sawa'. Inasema 'weka'. Anza upande ya kuume: chukua yenye iko ndani ya total, ongeza net. Kisha yote irudie ndani ya total."

"Na total ya zamani?"

"Imeenda. Machine inachunga paka yenye umeweka mwisho."

Na juu kabisa, mbele ya yote, ukaandika total = 0. Nikakuuliza kwa nini tuandike zéro wakati hakuna kitu. Ukasema: "Juu machine haijue kama hakuna kitu. Lazima mutu aiambie."

Hii neno niliiwaza miaka yote. Mimi niliingia mu ile kazi bila kusema zéro yangu. Kama ningemuambia patron, "Sijue, unipatie siku mbili nimuulize mutoto," hakuna yenye ingeharibika. Patron hakuwa mutu mukali. Angecheka kidogo, ikaisha. Lakini nilisema bien sûr, na nyuma yake nikawa nafanya hesabu juu ya kitu haikukuwa mule.

Programme ikatumika. Oh, ilitumika muzuri! Mufuko inapanda ku balance, mimi nabonyeza brut, machine inauliza, "Mufuko ni kilo ngapi?", mimi najibu, net inatokea. Batu balikuwa banakuya kuona tu. Babebaji banasimama nyuma yangu, banasema, "Papa Kavira amekuwa muzungu." Na mimi? Mimi nilikuwa nasema, "Programme yangu." Mama, nilikuwa nasema "yangu". Mara moja patron aliniuliza nani aliitengeneza, nikasema, "Tuliitengeneza hapa nyumbani," na nikaacha awaze yenye anataka.

Sasa sikiliza fasi yenye iko nguvu kuisema.

Musimu ya kakao ilipofika, mustari ilikuwa murefu mpaka ku barabara. Na ile machine, ku kila mufuko, inauliza tena: mufuko ni kilo ngapi? Mufuko ni kilo ngapi? Ilinichosha. Mifuko yote ilikuwa ile nzito ya jute, ya dépôt, yenye tunapatiaka batu banaenda nayo mu shamba, na kila moja ilikuwa kilo moja. Nikakuambia:

"Kavira, tosha hii swali, uiondoe. Inachelewesha kazi."

"Papa, leo mifuko yote ni ya namna moja. Na kesho?"

"Kesho pia."

"Na kama inabadilika?"

"Nitabadilisha ile namba mimi mwenyewe. Unawaza mimi ni mujinga?"

Haukubishana. Ulitosha swali, ukaandika juu, tare = 1. Ukaweka kidole ku écran, ukasema pole pole: "Ni hapa tu, papa. Ni fasi moja. Ukibadilisha hapa, kwengine kote kunafwata." Ukanionyesha namna ya kufungua maagizo, namna ya kuandika namba ingine, namna ya kuichunga isipotee. Na mimi nikafanya nini? Nikatikisa kichwa.

Nyuma ya pale batu ba upande ya Mangina bakaanza kukimbia vita. Unakumbuka. Balikuwa banaingia mu shamba na asubui, banachuma yenye mukono inafikia, na saa sita bako mu njia na muzigo ku kichwa. Kakao balikuwa banaikausha hapa Beni, kando ya barabara, ku lupango, ku viwanja ya batu. Nani angerudi kutafuta mufuko ya dépôt? Balileta mu mifuko ya muchele, ya bunga, ya sukari, ile ya plastiki, yenye ukiiachilia mutupu upepo unaichukua.

Niliona. Siwezi kukuambia sikuona. Ile mifuko nilikuwa naishika na hii mikono. Mara ya kwanza nilishika mufuko ya muchele, wazo likaniingia hapo hapo: tare. Nikafungua machine, na nikakuta nimesahau namna ya kufika ku maagizo. Nilibonyeza hapa, nilibonyeza pale, écran ikawa nyeusi, nikaogopa, nikazima, nikawasha, ikarudi. Batu banangoja ku jua. Na we ulikuwa karibu, ulikuwa paka ku masomo! Ningetuma mubebaji moja akuite. Ama ningengoja mangaribi, nikuulize ku meza. "Mama, nionyeshe tena."

Nilikuwa nimeshakuambia mimi si mujinga. Njo sababu yote. Tafuta ingine, hautaiona. Nilijiambia nitakuuliza kesho, na kesho nikajiambia mifuko ya jute itarudi. Musimu yote ile machine ikawa inaondoa kilo nzima juu ya mufuko yenye haifiki hata robo ya kilo. Ku kila mufuko ya mutu mwenye alikimbia.

Balilalamika, ndiyo. Papa Kasereka, ule muzee wa Mangina mwenye alikimbia na bajukuu yake, alisimama hapa mbele ya meza na kofia ku kichwa.

"Papa Kavira, kilo yangu inapotelea wapi? Kwa ndugu yangu tulipima."

Nikageuza écran, nikamuonyesha.

"Baba, angalia. Machine haina ndugu, haina adui. Haikoseake."

Muzee akatosha kofia ku kichwa. Akasema, "Wasingya." Alinishukuru, Kavira. Kwa kinande, na heshima yote, alinishukuru kwa ile nilimuibia.

Mambo ilitokea mu kinywa ya shofere. Ule kijana wa kamiyo ya patron, unamujua, mudomo yake haina frein, haijue kusimama. Alirudi kutoka Butembo, akashuka akicheka:

"Vieux! Kakao yenu ya Beni inazaa mu njia! Ku Butembo tukiipima tena, inazidi. Patron anacheka paka kucheka."

Nikamuambia anyamaze. Lakini alikuwa ameshasema ile ile ku parking, fasi baplanteur, benye shamba ya kakao, banakunywaka chai.

Ile mangaribi nilibaki peke yangu, nikabonyeza mpaka maagizo ikafunguka. Haikukuwa hata kazi nguvu. Ilikuwa pale juu, vile uliniambia: tare = 1. Nikaweka mufuko ya muchele mutupu juu ya balance, na sindano haikutikisika. Nikabadilisha namba. Nikachunga. Nikazima. Nikaenda kula bugali pamoja nanyi, na ukaniuliza kama kazi ilikuwa muzuri, nikasema muzuri.

Na asubui balikuya.

Unawaza unaijua ile asubui kuliko mimi, juu we njo ulilia. Lakini haukuona mwanzo yake. Balikuwa balijaa hii kiwanja. Mama Anifa, ule muchuuzi wa Beni mwenye shamba yake iko karibu ya Mangina, alikuwa mbele na mukono ku kiuno:

"Papa Kavira, tunasikia machine yako inakula kakao! Tuletee, tuifungue kinywa, tuone kama haina chokoleti ku meno!"

Bakacheka, lakini haikukuwa kicheko muzuri. Mutu moja nyuma akasema tuite patron. Mutu mwingine akasema hapana, tuanze na huyu. Nikaogopa. Na yenye ilitoka mu kinywa yangu ni hii: "Si mimi niliandika ile programme. Ni mutoto. Mutoto alikosea hesabu."

Hii programme, wakati ilikuwa inaenda muzuri ilikuwa yangu. Siku ilileta matata, mu dakika moja ikawa yako.

Na mwishoni mwa ile neno, we unaingia ku mulango. Blouse nyeupe, jupe ya bleu, nguo ya masomo, na chakula yangu mu mukono, juu mama yako alikutuma uipitishe mbele ya masomo. Mama Anifa akapiga mikono:

"Eeh! Kumbe njo fundi huyu? Tunahesabiwa na mutu wa jupe ya bleu!"

Papa Kasereka hakucheka. Aliinama kidogo, akakuuliza na upole:

"Mwana, ni wewe uliandika?"

"Ndiyo, baba. Ni mimi."

"Ulikosea?"

Uliniangalia. Kavira, uliniangalia, ulingoja. Na mimi niliangalia balance.

Ukasema: "Labda nilikosea, baba. Munisamehe." Ukapiga magoti pale ku vumbi, na jupe ya masomo.

Bakakusamehe. Juu uko mutoto, na juu bale batu bako na roho. Papa Kasereka alikuinua na mukono. Hata Mama Anifa alisema, "Basi, basi, inuka, utachafua nguo ya mama yako." Bakaenda. Na mimi nikasamehewa pamoja nawe, bila kuomba, bila kupiga magoti. Patron alisikia kama ni mambo ya mutoto, akasema isirudie tena. Kilo zenye zilizidi hakuna mwenye alizirudisha. Na mimi nikabaki ku kiti yangu.

Lakini ile si yenye inaniuma kuliko. Yenye inaniuma ni mangaribi. Ulikuya nyuma ya nyumba, nilikuwa nachonga muhini ya jembe. Ukasimama. Ukauliza na sauti kidogo:

"Papa, ile tare, ulikuwa unaibadilisha?"

Ulikuwa ulishajua. Ulikuwa ulishaweka kidole ku fasi yenyewe, sawa ile siku ku écran. Ulikuwa unanipatia mulango.

Nikakujibu: "Niliibadilisha kila mara."

Njo ile. Ile bongo njo yenye naandikia hii barua. Sikuibadilisha hata mara moja, mpaka ile mangaribi moja, mbele ya batu bakuye.

Kisha nikakuona unaandika na makala ya moto ku ukuta ya jiko: brut, tare, net. Unafanya, unafuta, unafanya tena. Kila mara inatoka muzuri, na kila mara unakasirika, juu papa alisema tare ilikuwa muzuri, na kilo zilipotea, basi kosa lazima ikuwe mu hesabu yako. Uliitafuta kosa yenye haikukuwa mule. Mwisho ukaosha ukuta na mayi. Ku club haukurudi. Mwalimu wako alikuya hata nyumbani kuniuliza juu ya nini haukurudi, nikamuambia, "Batoto ba leo, mwalimu." Tukacheka pamoja.

Niliwaza utasahau. Mpaka juzi, wakati rafiki yako alikuya kukuaga. Mulikuwa munachambua maharagi ku baraza, mimi nilikuwa ndani. Akakuuliza: "Lakini Kavira, we njo ulikuwa wa kwanza mu informatique. Juu ya nini unaenda kusoma français ku Butembo?"

Ukasema: "Aah, mimi na hesabu tuliachana. Nilishaibia batu kilo zabo bila kujua. Sitaki tena."

Ulisema ile ukicheka. Ulisema sawa mutu anasema, mimi sikule samaki.

Nikatoka na mulango ya nyuma, nikaenda kumuambia mama yako yote. Aliacha kufua. Aliniangalia mpaka nikatafuta fasi ya kuweka mikono. Akasema: "Ulingoja mutoto afunge valizi ya safari njo ukumbuke?" Nikasema naogopa kukuharibia safari. Akasema: "Unaogopa kujiharibia weye. Mimi usinipatie hii muzigo. Umupatie mwenyewe. Na ukitoka kumupatia, uende kwa bale batu." Akarudilia nguo zake. Alizipiga sana ile siku.

Basi niko namupatia mwenyewe.

Kavira, haukukosea. Net ni brut, unatosha tare ndani yake. Ilikuwa kweli ile siku, ni kweli leo. Uliandika muzuri, uliuliza swali yenye ilipaswa kuulizwa ku kila mufuko, na mimi njo nilikuambia uitoshe. Ulinionya, nikakataa. Machine haikujua kama mifuko ilibadilika. Wewe haukujua, ulikuwa mu masomo. Mimi nilijua.

Sikuandikie hii ili ubadilishe masomo. Kama unapenda français kweli, enda nayo, sitasema kitu. Lakini kama unaiendea juu unakimbia kosa yenye haikukuwa yako, basi ujue sasa, nyuma yako hakuna mutu anakufukuza. Uamue ukiwa umesimama.

Nilitaka kukuachia na mashauri, sawa bazazi bengine. Nikitafuta, naona niko na moja tu, na niliinunua na magoti yako. Siku mutu atakuambia swali yako inachelewesha kazi, usiitoshe mbele ya kumuangalia muzuri. Labda ni mutu mwenye anaogopa jibu. Labda iko sawa mimi. Na siku weye utasahau kitu, hata ukiwa mukubwa, hata ukiwa madame ya bureau, uliza mutoto. Aibu ya kuuliza ni ndogo, inaisha pale pale. Ile ya kutouliza niko nayo mpaka leo.

Leo muchana nilimupigia patron simu ku Butembo. Nikamuambia yote. Akasema: "Papa Kavira, ile kakao ilishakuwa chokoleti ku Ulaya. Bazungu balishaikula. Unaamsha nini?" Nikamuambia naenda kubaambia baplanteur yote, hata ile ya kilo zenye zilizidi ku Butembo na hazikurudi. Akasema: "Ukisema ile, funguo ya dépôt uiachie mulinzi." Nikasema, "Sawa, patron." Sikusema bien sûr. Funguo iko hapa juu ya meza, nikimaliza hii barua nitaiachia mulinzi.

Usiogope juu ya masomo yako. Mama yako na tantine yako wa Butembo balishapanga feza yake, bila mimi, na balipanga muzuri kuliko mimi. Kakao ya shamba yetu ya hii musimu itaenda kwa bale batu. Haitatosha, najua. Musimu yenye inakuya itaenda tena. Mama yako alikubali mbele hata nimalize kusema.

Kesho nitakusindikiza mpaka ku parking, nitapandisha valizi yako. Ukitaka tuongee, tutaongea. Ukitaka kunyamaza, nitasimama kando yako nikinyamaza. Gari yenu ikitoka, napanda pikipiki naenda Mangina. Papa Kasereka alisharudi ku shamba yake, nilimupigia. Sikumuambia ni nini, nilisema tu niko na neno ya kusema mbele ya bote. Akajibu: "Kuya, mwana wetu. Nitabaita." Nitabaambia nimesimama, na nitabaambia na jina yangu. Wakitaka kupiga makelele, nitasikiliza. Kofia ya ule muzee safari hii itabaki ku kichwa yake.

Hii neno itafika Butembo mbele ya juma kwisha, unajua vile ile barabara inabebaka mambo. Mutu atakuuliza, ku cours ama ku soko: "We si mutoto wa ule papa wa balance ya Beni, mwenye aliiba kilo za bakimbizi?" Hapana kunitetea. Usiseme papa alikosea kidogo, usiseme ni vita, usiseme ni machine. Sema: ndiyo, njo baba yangu, na yeye mwenyewe alienda kubaambia.

Na wakikuuliza kama weye njo uliandika ile programme, sema ndiyo, ni mimi, na usiombe musamaha kwa mutu.

Baba yako